Ngozi Ikianguka Chini: Maneno kwa Mafundi wa Ngozi, Moshi

Mwenyekiti, wazee wangu, shikamooni. Mama zangu na dada zangu wa shanga mliotoka Arusha na basi la alfajiri, poleni kwa safari. Vijana, mambo? Naona mmekaa nyuma kabisa karibu na mlango, kama kawaida yenu.

Kabla sijasema lolote naomba msaada. Wewe kijana mwenye shati la bluu, njoo uchukue hiki kipande. Ni ngozi ya magome, yaani iliyosindikwa kwa magome ya miti, rangi yake ya asili, sijaipaka kitu. Nimeilowesha kidogo pale bombani nilipokuwa nasubiri kuitwa, kama tunavyolowesha tukitaka kupiga nakshi. Ilaze chini hapo katikati ya viti, uso uelekee sakafuni. Hivyo hivyo. Basi iacheni, anayepita aikwepe. Tutaiokota nikimaliza.

Mwenyekiti aliponipigia simu akaniambia nije nizungumzie sakafu, nilidhani mtandao unakatakata. Nikamjibu, mwenyekiti, mimi ni fundi wa mikanda na makubazi, saruji naijua kwa kuikanyaga tu. Akaniambia ndiyo sababu anataka nije mimi. Mafundi waashi wametujengea sakafu miaka yote hii, akasema, na hajawahi kumwona hata mmoja aliyetuuliza tunafanya nini juu yake. Hapo sikuwa na la kujibu.

Naanza na hasara yangu, maana ndiyo mwalimu aliyenifundisha haya.

Miaka hiyo nilikuwa na fremu ya duka Majengo. Chumba kidogo lakini sakafu yake ilikuwa sifa ya mtaa: niru nyekundu, ule uso laini wa saruji, inang'aa, mama mwenye nyumba anaisugua kwa polishi kila Jumamosi. Wateja walikuwa wanaingia wanasifia sakafu kwanza, mikanda baadaye. Nikapata oda ya mikanda 40, ngozi ya asili, isiyopakwa rangi, ya kampuni moja ya watalii. Kwa kijana aliyeanza kazi, mikanda 40 ni mahari. Nikailowesha ngozi, nikakata vipande, na kwa kuwa meza yangu ilikuwa ndogo kama ya kuuzia karanga, nikavipanga sakafuni. Kwa nini nisivipange? Sakafu ilikuwa safi kuliko sahani yangu ya chakula.

Fremu ya jirani ilikuwa ya fundi wa kuchomelea mageti. Siku ile alikuwa anakata vyuma kwa grenda tangu asubuhi. Mlango wangu ulikuwa na uwazi chini, mkono mzima ungepita. Saa tisa mchana naenda kuokota vipande vyangu, nakuta upande mmoja umeshika wekundu wa polishi, na upande wa pili una vidoa vyeusi vyenye ubluu ndani yake, vimetawanyika kama mtoto amekung'uta kalamu ya wino. Nikasugua kwa sabuni. Vikaenea. Nikaminya limao, nikasugua tena, vingine vikafifia, vingine vikagoma. Mwisho nikavipaka vyote rangi nyeusi, nikatembeza pale soko la Memorial kwa bei ya kutupa. Yule mteja sikumwona tena, na simlaumu.

Sasa sikilizeni kilichotokea, hasa nyie vijana. Ngozi ya magome imejaa tanini. Tanini ndiyo inayoizuia ngozi isioze. Kule Njombe inapatikana kwenye magome ya miwati. Tanini ikikutana na chuma mahali penye maji, vinazaa wino. Sisemi kwa mfano. Wino uliotumika Ulaya kwa karne nyingi kuandikia vitabu na hati ulikuwa huo huo: tanini iliyochanganywa na chumvi ya chuma. Na wale mnaoloweka misumari kwenye siki ili mpate rangi nyeusi ya ngozi, mnafanya kitu hicho hicho kwa kukusudia. Mimi nilifanya bila kukusudia, nikailipia. Vumbi la grenda ni chuma kitupu. Ngozi kavu ingelikung'uta ikaendelea na maisha yake. Ngozi iliyolowa maji ililinywa.

Tangu siku hiyo, nikiingia chumba ninachotaka kupanga siangalii dari wala rangi ya ukuta. Naangalia chini, najiuliza swali moja: ngozi yangu ikianguka hapa, nitaiokota niiuze, au nitaiokota niitupe? Mengine yote nitakayosema leo yanatoka kwenye swali hilo.

Na kuanguka itaanguka. Sisi si kama karakana zile tunazoziona kwenye simu, fundi amesimama kwenye meza ndefu, taa juu yake, kila kifaa kimetundikwa ukutani. Wengi wetu tunakaa kwenye kigoda. Sakafu ndiyo meza. Tunakatia chini, tunapigia chini, tunapaka gundi chini, chai yenyewe tunaiweka chini. Kwa hiyo ushauri wa sakafu tunaousoma huko kwa watu wa meza unatufaa nusu. Wao wanaulizana sakafu isiwachoshe miguu. Sisi tuulize kwanza isituharibie kazi, miguu tutaifikia.

Kisu. Kuna asiyewahi kuangusha kisu hapa? Mnyooshe mikono. Hakuna, na anayenyoosha ni muongo. Kile kisu cha nusu mwezi ukikiangusha kwenye marumaru unapata hasara mbili kwa mpigo: kisu kinapata pengo na kigae kinapata ufa. Kwenye saruji kigae kimenusurika kwa kuwa hakipo, lakini pengo la kisu liko pale pale, na pengo dogo kama punje ya mtama litakuchora mstari kwenye kila ngozi utakayokata mpaka ulinoe likaishe. Kwenye mbao kisu kinajichoma kwa ncha, kinasimama, unakichomoa, unaendelea. Msharasi wa kutobolea vivyo hivyo. Na kwa kuwa tumefika hapo: kisu kikianguka, kiache kianguke. Alama hii mnayoiona kwenye kiganja changu ni ya siku niliyojaribu kukidaka. Kisu kipya kingenigharimu kidogo kuliko dokta.

Kwa hiyo wengine watasema, basi tuweke mbao chumba kizima. Ngojeni kidogo. Mbao ina deni lake. Ukiweka sakafu ya mbao juu ya fremu ya mbao iliyoachwa tupu chini, ukipiga panchi inadunda. Nguvu ya nyundo badala ya kwenda kwenye ngozi inapotea kwenye mtikisiko, unapiga mara tatu pale ulipotakiwa kupiga mara moja, na rivati zote zilizoko kwenye kopo zinacheza ngoma. Halafu kuna mchwa. Hapa Moshi sihitaji kumweleza mtu mchwa ni nani. Mbao za paini na saipresi zinazotoka Kilimanjaro Magharibi na kule Meru ni rahisi kupatikana, na mchwa naye anajua hivyo. Kama ni mbao, ipakwe dawa, na iwe kipande kinachoinuka, siyo iliyopigiliwa moja kwa moja, ili kila mwezi uinue uangalie chini yake kuna nani.

Panapohitaji kupigwa pawe pagumu mpaka ardhini. Ninavyofanya mimi: nina gogo la mkaratusi, limekatwa likasimama kama linavyosimama mti, unapiga kwenye kichwa cha nyuzi zake. Gogo limekaa moja kwa moja juu ya zege, na zege limekaa moja kwa moja juu ya udongo ulioshindiliwa. Usiweke mpira chini ya gogo ukidhani unalipa heshima. Mpira unameza pigo. Na kama fremu yako iko ghorofani, kwanza pole, pili tafuta kazi zako za panchi uzifanye saa ambazo jirani wa chini hayupo.

Nije kwenye vitu vidogo. Dada zetu wa shanga wananiangalia kwa sababu najua wanachotaka kusema. Sakafu ya niru inapata nyufa, shanga zinaingia humo hazitoki. Marumaru ndiyo mbaya zaidi: ile mistari kati ya kigae na kigae ni mitaro ya kumeza shanga. Na sindano je? Sindano iliyopotea kwenye kapeti utaipata kwa nyayo. Kwa shanga na sindano mimi nasema sakafu iwe ya kipande kimoja, isiyo na maungio, na iwe ya rangi moja iliyofifia. Kijivu cha saruji kinatosha sana. Sakafu yenye madoadoa, hata terazo zile nzuri za maduka ya zamani ya mjini, zinaficha ushanga kama msitu unavyoficha digidigi. Terazo ni sakafu imara kwelikweli, nampa heshima yake aliyeibuni, lakini siyo ya mtu mwenye shanga 500 kwenye kibakuli kisicho na mfuniko.

Kwa sindano, chukueni spika mbovu ya redio, toeni sumaku yake, ifungeni kwenye kijiti. Kila jioni kabla ya kufagia pitisheni sakafu nzima. Mtapata sindano, mtapata misumari, na mtapata kitu cha tatu ambacho hamkukitegemea: vumbi la chuma lililopeperuka kutoka kwa jirani. Kama sumaku yangu ingekuwepo siku ile Majengo, na ule uwazi wa mlango ungezibwa kwa tambara, leo pengine nisingekuwa na hotuba.

Sasa gundi. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Gundi ya viatu tunayotumia, ile ya kopo, nyingi ina viyeyushi kama toluini. Ndivyo vinavyofanya iwe laini, na vikiruka gundi inakamata. Vikiruka vinakwenda wapi? Watu wanadhani vinapanda juu vinatoka dirishani. Hapana. Mvuke wa toluini ni mzito kuliko hewa kama mara tatu. Unashuka. Unalala sakafuni, unatambaa kama maji, unatafuta palipo chini. Halafu unashika moto kirahisi mno. Toluini inatoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye nyuzijoto 4 za Selsiasi, ambao ni ubaridi wa ndani ya friji. Moshi hii, Januari, mchana, nyuzijoto 4 mtazipata wapi? Kopo likiwa wazi, mvuke upo, hilo halina mjadala. Na fundi wa meza ana pua yake mita moja na nusu juu ya sakafu. Wewe wa kigoda pua yako iko wapi?

Kwa hiyo kona ya gundi isiwe shimo. Kama sakafu yako ina sehemu imedidimia, usipakie gundi hapo. Kaa karibu na mlango, na mlango uwe wazi mpaka chini. Dirisha la juu peke yake halikusaidii, tundu la kutolea mvuke liwe chini usawa wa kifundo cha mguu. Na jiko la mkaa la chai, ndugu zangu, naombeni. Jiko la mkaa linakaa sakafuni, kule kule mvuke unakolala. Wapelekeni nje wote wawili, jiko na anayelipuliza.

Gundi inahukumu sakafu pia. Yale makapeti ya plastiki ya maua maua yanayouzwa kwa mita pale Mbuyuni, mazuri kwa sebuleni. Tone la gundi likianguka, kiyeyushi kinalainisha plastiki, linabaki kovu linalonata, na kinachonata kinakusanya vumbi, na vumbi linapanda kwenye ngozi. Ile mikeka ya sponji ya kuunganisha kama chemshabongo nayo ni hivyo hivyo, inavimba na kuumuka. Saruji tupu haijali. Gundi ikikauka juu yake unaikwangua kwa kisu kibovu, imeisha.

Nikataja vumbi. Vumbi la ngozi wengi tunalichukulia kama unga wa kawaida. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeliweka vumbi la ngozi kwenye kundi la 1, kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, na saratani yenyewe ni ya ndani ya pua. Sisemi ili mfunge fremu kesho. Nasema ili muache kufagia kavu kavu. Ukifagia kavu, vumbi lililokuwa limetulia chini unalipandisha usoni. Nendeni kwa seremala mkachukue maranda, anawapa bure, ya mti mweupe siyo mwekundu kwa sababu mwekundu unatoa rangi. Yaloweshe yawe na unyevu, yatawanye, kisha fagia vyote pamoja. Vumbi linagandana na maranda. Sakafu iliyokwanguka au yenye mashimo haikubali kufagiwa hivyo, ndiyo faida ya kwanza ya niru iliyopigwa vizuri.

Na vipande mlivyofagia vya ngozi ya kromu, ile iliyosindikwa kwa chumvi ya kromu badala ya magome, msivichome nyuma ya nyumba. Vikiungua, ile kromu inaweza kugeuka kuwa ya aina nyingine, yenye sumu kali, ikabaki kwenye majivu na kwenda na moshi. Nawaona wanaotazamana. Najua mnachoma. Tuendelee.

Unyevu. Hapa ndipo mafundi waashi walipotuonea kuliko kote. Masika ya Moshi kuanzia Machi mpaka Mei mnayajua. Umepanga ngozi zako chini kwenye pembe, umezifunika vizuri, baada ya wiki mbili unafunua unakuta zimeota ukungu wa kijani kama mkate uliosahauliwa. Unalaumu mvua, unalaumu bati. Mara nyingi maji hayakutoka juu. Zege linanyonya maji kutoka ardhini kama kitambaa kinavyonyonya chai, na kama halikuwekewa nailoni chini wakati wa kumwaga, maji yanapanda mwaka mzima.

Kuna kipimo hakigharimu kitu. Chukua kipande cha nailoni inayopitisha mwanga, sentimita 45 kwa 45. Kibandike sakafuni kwa utepe wa gundi pande zote nne, pasibaki upenyo. Kiache saa 16 au zaidi. Weka jioni, angalia kesho yake saa nne. Ukikuta matone chini ya nailoni, au zege limekuwa jeusi pale, maji yanatoka ardhini. Ukikuta chini kukavu lakini juu ya nailoni kuna jasho, hayo yametoka hewani, sakafu ya baridi imekutana na hewa ya joto. Dawa zake ni tofauti. Ya kwanza ni ya mwenye nyumba, ya pili ni ya kufungua dirisha. Pimeni kabla ya kulipa kodi ya miezi sita, siyo baada. Wenzetu wa Arusha, nyie mko juu, mita 1,400 hivi, Juni na Julai sakafu yenu ni barafu, mtaona jasho hilo mara nyingi zaidi yetu sisi wa huku chini.

Anayejenga mwenyewe, sikiliza hapa halafu umwambie mwashi. Udongo ushindiliwe. Juu yake changarawe, juu yake mchanga kidogo ili mawe yasitoboe, halafu nailoni nzito, vipande vipishane pale vinapokutana. Ndipo zege, unene wa sentimita 10, uwiano wa 1 kwa 2 kwa 4: saruji, mchanga, kokoto. Chumba cha mita 3 kwa 4 kitakula mifuko 8 ya kilo 50, pungufu kidogo. Niru ipigwe zege likiwa bado bichi, siyo wiki ya pili, maana niru ya wiki ya pili inabanduka kama ganda la ndizi. Kisha mwagilia siku 7, usionee uchungu maji. Na kama una mpango wa kupaka rangi yoyote juu, subiri siku 28 ndipo uanze kufikiria. Na iwe kijivu. Nimesema kijivu. Niru nyekundu na polishi yake iende sebuleni kwa mama, pale inapendeza na mimi mwenyewe ninayo.

Kuna mzee aliniuliza pale nje habari ya epoksi, ile rangi ngumu ya viwandani. Ni nzuri, haipitishi mafuta, haishiki gundi, inafutika. Lakini zege likiwa na maji chini yake inavimba na kubanduka, kwa hiyo anza na kipimo cha nailoni. Na ukimwaga mafuta ya ngozi juu yake utateleza. Wachanganye mchanga mwembamba kwenye njia ya kupita. Bei yake, mzee wangu, nadhani umeshaiuliza ndiyo maana ulinong'ona.

Wanaosindika wenyewe, wenye mapipa ya chokaa na tindikali, sakafu yao ni somo jingine: inahitaji mteremko wa sentimita moja kwa kila mita kwenda kwenye mtaro, na maji yale yasiende kwenye mfereji wa mtaa. Wengi wetu tunanunua ngozi iliyokwisha kusindikwa, iwe ya Himo au ya kwingine, kwa hiyo nawaruka.

Sasa wengi wenu hamjengi. Mmepanga. Fremu si yako, mwenye nyumba akiamka vibaya umehama. Kumwaga zege kwenye nyumba ya mtu ni kumnyoa mtu mwingine kwa wembe wako. Kwa hiyo sakafu yako iwe ile utakayoibeba kwenye guta siku ya kuhama.

Mimi ya kwangu sasa hivi iko hivi. Chini kuna saruji ya mwenye nyumba, ilivyo. Ninapokatia nimelaza marini bodi, milimita 18, juu ya zege moja kwa moja, haina fremu chini, kwa hiyo haidundi. Kisu kikianguka kinaangukia mbao. Ninapohifadhia ngozi nina vichaga. Sizungumzii Kichaga cha nyumbani, mangi, usicheke. Nazungumzia vile vitanda vya mbao vya kupangia magunia ghalani, hewa inapita chini yake. Hakuna ngozi yangu inayogusa saruji usiku. Kwenye gogo hakuna kitu. Kwenye gundi hakuna kitu. Na pale ninaposimama nikishona kwa mashine, kwa sababu magoti yangu siyo ya mwaka ule, nina kipande cha mkanda mpana wa mashine za kiwandani, mpira mzito.

Angalizo kuhusu huo mpira. Wanaotengeneza katambuga watanielewa: mpira wa tairi una masizi ndani yake, ndiyo weusi wake. Ukikokota ngozi nyeupe juu yake inapata mstari mweusi kama wa penseli. Kwa hiyo mpira ni wa kukanyagia tu, uishie nusu hatua kabla ya ubao wa kukatia. Kijana wangu wa kazi nilimchorea mstari wa chaki: mpira mwisho hapa. Akaona nazeeka. Baada ya mkoba mmoja wa rangi ya asali kurudishwa na mteja, chaki anaipaka upya yeye mwenyewe.

Dada pale amenyoosha mkono. Karibu.

Dada anasema wao wa shanga, kina mama kumi, wanakaa chini kwenye turubai chini ya mti, hawana hata fremu, je, haya yanawahusu? Swali zuri kuliko hotuba. Dada yangu, turubai lenu ni la kipande kimoja, la rangi moja, halina maungio, linakung'utwa na kukunjwa jioni, na hewa inapita pande zote. Kwa gundi na kwa shanga nyie mko mbele ya wengi waliomo humu. Mnachokosa ni kimoja, ubao mgumu wa kupigia, kwa sababu udongo chini ya turubai unameza nyundo. Tafuteni jiwe bapa, lile jeusi la mlima, liko tele hadi barabarani. Juu yake wekeni kipande cha ngozi nene kisu kisikutane na jiwe. Na turubai likiwa la bluu, ushanga wa bluu utawatesa, hilo sina dawa yake.

Haya, mwenyekiti ananionyesha saa. Kijana wa shati la bluu, hebu tuokotee kile kipande. Usikifute. Kilete hivyo hivyo, upande uliokuwa chini utazame juu.

Wekundu huu ni wa polishi ya ukumbi, mnauona umekaa mpaka kwenye ukingo. Hapa kuna unywele, sijui wa nani. Na hapa, sogeeni muone, vidoa viwili vyeusi, kimoja kikubwa kimoja kidogo. Miguu ya hivi viti ni ya chuma, kofia zake za plastiki zimetoka, kila mtu akisogea kinakwaruza sakafu. Dakika arobaini tu. Kipitisheni kwa mkono mpaka kwa vijana wa nyuma, halafu mwenyekiti akitunze yeye, maana naona ameanza kuinama kuangalia mguu wa kiti chake.